Majivu Niliyoyamwaga

Papa wangu mpendwa,

Natumaini goti lako limetulia na sasa unafika bandarini bila fimbo. Mama naye anaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Afrika Kusini inanitafuna, na moyoni sina raha.

Kazi yangu unaijua: vyuma vilivyolika tunavivika chuma kipya. Mashine inapuliza unga wa chuma, mwanga wa leza unauyeyusha palepale, nao unashika kama ukoko wa bugali kwenye sufuria. Juma lililopita nilipewa shafti, ule mhimili wa kuzungusha pampu ya mgodini. Niliivika ikang'aa, nikaiacha sakafuni karibu na mlango. Baridi ikaipiga. Nikasikia ta! ta! Gamba lote likajaa nyufa.

Hapo nilikukumbuka, Papa, umepiga magoti mbele ya sanduku lako la majivu ya moto, unafukia chuma ulichotoka kuchomelea. Nilikucheka mbele ya wateja waliotoka mji wa Moba: "Papa anapikaka chuma sawa mihogo!" Wakacheka wote. Wewe ulisema tu, "Chuma nayo inasikiaka baridi, mutoto." Kesho yake nikayamwaga majivu yako ziwani, eti nasafisha karakana. Mama ameniambia kwamba tangu siku ile hujagusa shafti ya mtu. Wateja unawaelekeza kwa wengine. Nilikuvunja moyo, na najuta sana.

Shafti ya pili niliipasha moto kwanza, kisha nikaifukia kwenye majivu niliyoomba kwa mama anayetuuzia chakula langoni. Ilipoa polepole, haikupata hata ufa mmoja. Msimamizi wetu, mzee mkali, aliipapasa akauliza nani alinifundisha. Nikajibu nimesoma kitabuni. Niliona haya kumtaja fundi asiye na diploma, Papa, na fundi huyo ni wewe.

Leo nimerudi kwake nikamwambia ukweli: ni baba yangu, yuko Kalemie. Hakucheka. Alichukua kalamu akauliza, "Anatumia majivu ya mti gani?"

Miaka yote ile karakanani sikuwahi kukuuliza.

Nisamehe, Papa. Niandikie ni mti gani.

Msalimie dada yangu mkubwa na mume wake mvuvi. Na Mama mwambie majivu ya jikoni asiyatupe, akuwekee.

Mutoto wako aliyekucheka,
Kizito