Babu, Nimejaza Fomu ya Jeshi

Babu yangu mpenzi,

Miezi mitano sasa tangu tukuzike, na Bibi bado anakumiminia chai. Kikombe kikishajaa ndipo anakumbuka, anasema "eish," anainywa mwenyewe. Hilo neno alilitoa kwako, kama wewe ulivyokitoa Kiswahili kwake kule Morogoro, enzi zako za upiganaji uhamishoni.

Ulikuwa ukinichezesha kwata kwenye korido ya fleti yetu hapa Yeoville. Mguu sawa! Nyuma geuka! Majirani wanafungua milango kutazama, nami natamani sakafu inimeze. Shuleni mwalimu akiniuliza swali naangalia viatu, liwe la Kiingereza au la Kizulu. Kwako tu nilipaza sauti. "Sikusikii, Koplo!" ulikuwa unasema, na mimi kimoyomoyo nilishajipandisha cheo, sajini.

Kuna jambo nilishindwa kukwambia, na nafasi nilikuwa nayo.

Unakumbuka Jumapili ile Papa Deo, fundi cherehani Mkongo wa ghorofa ya chini, alipokuja kula? Kwenye runinga walionyesha askari wawili wanaume waliofunga ndoa. Papa Deo akaweka kijiko chini. "Eh, Mzee! Hii inchi yenu! Mwanaume anaoa mwanaume, na bado munamupa bunduki?"

Wewe hata kichwa hukuinua. "Kambini nilipata usingizi kwa sababu kuna mtu alikuwa macho. Sikumuuliza anampenda nani. Anayekaa lindo bila kusinzia, mpe bunduki."

 Nikajisemea moyoni, leo, leo namwambia Babu. Nimeshika bakuli la mchicha, mdomo nimeshaufungua.

Ndipo ukaongeza, "Ila asiwe mtu wa nyumba hii!"

Papa Deo akacheka mpaka akapiga meza. Nami nikacheka. Hicho kicheko changu kinaniuma kuliko maneno yako. Nilicheka vizuri kabisa, nikakupakulia mchicha, nikarudi jikoni.

Nampenda msichana mwenzangu, Babu. Tulikuwa darasa moja. Basi, nimesema.

Wiki iliyopita nilijaza fomu ya kujiunga na jeshi. Wameuliza matokeo ya shule, afya, kama nimewahi kufungwa. Nampenda nani, hawakuuliza. Nchi uliyoipigania imeniruhusu. Ruhusa yako ndiyo sina, na sasa nitaiombea wapi?

Bibi nilimwambia akiwa anachambua mchele. Akaendelea kutoa mawe mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mzee wangu angefoka siku tatu," akasema.

"Na ya nne?"

"Ya nne sijui, mjukuu wangu. Siwezi kumsemea marehemu."

Nami sikusemei. Labda ungenikumbatia, labda ungenitukana matusi yote ya kambini. Nakupenda vilevile. Maisha yangu yote nimekutii, Babu, hata pale ulipokosea njia mtaani Mayfair ukakataa kuuliza, tukatembea mpaka kiatu changu kikaachia soli. Katika hili moja sitakutii. Jumatatu naenda kwenye usaili.

Jana Bibi kaniuliza, bila kunitazama, kama huyo msichana anakula samaki. Nikasema anakula. "Basi aje Jumamosi, kabla hujaenda huko kwenu jeshini."

Atakalia kiti chako, Babu. Viti viko vitatu tu.

Lala salama.

Mjukuu wako