Mama Watatu Kwenye Fomu

Nzuguni, Jumatano

Bado nina hasira na yule nesi wa utafiti wa saratani ya kurithi. Alipomaliza kunitoa damu, akauliza nani kwetu aliwahi kuugua saratani ya titi.

"Mama zangu watatu," nikasema.

"Dada, fomu inataka aliyekuzaa tu."

Mama, mama mkubwa, mama mdogo. Ningewaitaje? Akafuta, akaandika mama mmoja na ndugu zake wawili. Alipouliza dada, nikasema sita; hata hao akawapunguza, wakabaki wawili wa tumbo moja.

Nilikereka, lakini nikapata nafuu ya kijinga, kana kwamba na ugonjwa unapungua.

Kisha akauliza watoto. Nikamwambia ninaye binti mmoja, nimemzaa mwenyewe.

Akaandika. Hapo hakufuta kitu, na ile nafuu yangu ikaisha.