Tanuri la Baba Yako

3 Machi

Mke wangu msomi,

Salamu kutoka kwa mumeo mzee. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Wewe je? Hujapata kijana wa kunipindua huko maabara?

Nasikia unamtaka baba yako aache kazi kwa ajili ya kikohozi. Kweli anakohoa, mwezi wa pili sasa. Lakini sisi tunayeyusha alumini tutengeneze sufuria, hatuuzi manukato. Tanuri letu linakunywa oili chafu ya magari, na moshi wake ni mweusi kuliko roho ya mama mkwe wangu. Mimi nimeumeza miaka arobaini na mbili na bado natukana wateja bila kuvuta pumzi katikati. Sasa niambie, huo moshi unafanya nini kifuani? Kwa lugha ya watu. Ukiniletea ya kidaktari nitafungia misumari.

Mumeo mzee

14 Machi

Shikamoo mume wangu,

Mimi sijambo, ila moyo hautulii kwa ajili ya baba.

Haya, lugha ya watu. Kwenye moshi wa oili kuna sumu zenye mafuta mafuta, hazioshwi na maji. Mwili una mafundi wadogo sana, sisi tunawaita vimeng'enya. Kundi la kwanza huitia sumu ndoano. Kundi la pili huishika kwa ile ndoano, huifunga na kitu kinachoyeyuka majini, na mwili huitoa. Tatizo liko hapo katikati. Sumu yenye ndoano isipofungwa haraka hunasa kwenye vinasaba, yale maelekezo ambayo seli huyafuata inapojigawa. Yakiharibika, seli inaweza kuanza kuzaana ovyo. Ndiyo saratani. Moshi ukizidi, mafundi huongezeka. Na watu hatulingani: pengine wewe una wafungaji wengi, baba ana wachache.

Tafadhali, apigwe picha ya kifua.

Mjukuu wako

2 Aprili

Mke wangu,

Natumaini unakula, maana barua yako imenishibisha mimi. Nimeisoma mara tatu kwa miwani ya kioo kimoja. Kumbe dawa umeiandika mwenyewe! Moshi ukizidi, mafundi huongezeka. Baba yako ana uhaba wa mafundi tu. Miaka yote nilimweka uani anapiga nyundo, moshi anaunusa kwa mbali kama mgeni. Tangu Jumatatu iliyopita nimemkabidhi tanuri lenyewe, kutwa ameinamia mdomo wake. Kikohozi kimezidi. Nadhani mafundi wapya wanagombea vyumba.

Mumeo, daktari

9 Aprili

Babu, shikamoo.

Mtoe. Leo hii, ukimaliza mstari huu.

Wanaoongezeka zaidi ni wale wa kwanza, watia ndoano! Wafungaji hawaendi nao sawa. Kosa ni langu, niliandika "mafundi" tu. Nimempigia baba simu aache tanuri, hasikii. Anasema, "Mwanangu, miaka kumi na minane nangoja mzee aniamini, leo nimrudishie?" Alikuwa anacheka na kukohoa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwa nini amepewa.

Mjukuu wako

21 Juni

Mjukuu wangu,

Hatujambo, nusu nusu.

Nilinyamaza kwa hasira. Mtu aliyefutia kamasi shati langu ananiamuru kwenye kazi yangu! Nikamwacha pale wiki mbili zaidi. Kisha akatema damu.

Hospitali wameona uvimbe pafuni, kama punje ya kunde. Watampasua Alhamisi ijayo. Daktari anasema ni wa miaka mingi, si wa mwezi mmoja wa tanuri. Alidhani ananifariji. Hiyo miaka mingi alikuwa wapi, kama si uani kwangu?

Na mimi walinipiga picha. Safi. Nikamwambia mpiga picha arudie, labda mashine imemwonea haya mzee. Akarudia. Safi tena. Nilitoka nje kama mwizi.

Huko wodini baba yako anawasimulia wagonjwa jinsi mzee wake alivyompa tanuri. Nimwambie ukweli, au ninyamaze?

Babu

24 Juni

Babu, shikamoo.

Mwambie kabla hajapasuliwa. Mwambie na barua yangu ilivyokupotosha. Nafika Jumatano. Nitakaa nawe, lakini maneno yatoke kinywani mwako.

Mjukuu wako

26 Juni, Jumanne

Mjukuu wangu,

Barua hii nampa dereva wa basi utakalopanda kesho, uisome njiani, usije ukaniuliza mbele ya baba yako.

Nimemwambia. Barua yako sikuitaja, nilisema ni akili yangu mwenyewe.  Halafu akauliza kama tanuri bado ni lake. Nikasema nimelivunja jana, tofali kwa tofali. Akageukia ukutani.

Nilikaa mpaka muuguzi akaja kunitoa. Nimefika mlangoni, akaita kutoka kitandani, "Mzee."

Nikageuka.

"Yale matofali usiuze."

Baba wa baba yako