Baba, Waliniuliza Kama Wewe Ni Mtu Mmoja

Baba mpendwa,

Miezi saba imepita tangu tukutoe hospitali kule Beni, na bado mtu akikohoa uani asubuhi nageuza kichwa. Nakumbuka tulivyokuwa tukishuka sokoni Butembo kwenye baridi ile, nikiwa mdogo. Hukunishika kiganja, ulinishika kifundo cha mkono, kana kwamba upepo ungenichukua. "Tembea, mama," uliniambia, kwa kuwa nina jina la mama yako. Wengi huniita mama. Hakuna anayelitamka vile.

Baada ya matanga watu walirudi makwao, zikabaki karatasi. Tulitaka parsele, kiwanja chetu chenye nyumba, iandikwe kwa jina la mama na sisi watoto, kabla mtu hajaja kuidai. Nilirudi Beni kuchukua cheti cha kifo. Karani aligonga mhuri, akanisukumia. Nilisoma jina lako na neno "marehemu" mbele yake, nikalia palepale dirishani, watu wamepanga foleni nyuma yangu.

Huku Butembo, bwana wa ofisi ya ardhi alikiweka kile cheti kando ya karatasi ya parsele.

"Mama, uyu mwenye alikufa ni Kambale. Mwenye parcelle ni Kasereka. Donc, ni batu babili."

"Hapana, ni baba yangu mumoja. Mwenye aliandika ndiye alikosea."

"Ata mutoto anajua: kwetu Kambale ni mutoto mwanaume wa pili, Kasereka ni wa tatu. Leta mutu mwenye anajua kuzaliwa kwake, akuje ashuhudie."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu, na wewe hukutaka atajwe mezani kwetu. Tangu mlipogombania shamba la babu, nikiwa darasa la tatu, hukukanyaga tena kwa kaka yako Paluku kule Musienene. Nilimuuliza mama nifanye nini. "Enda," alinijibu. "Baba yako atanisamehe."

Nikapanda pikipiki. Nilimkuta anavuna viazi, ameinama. Mgongo ule ni wako, Baba. Hata kusafisha jembe kwa majani, ni vilevile. Nilijitambulisha nikiwa tayari kufukuzwa.

"Nilisikia kilio," alisema polepole. "Nilivaa, nikafika mpaka ku barabara, nikarudia. Niliogopa mutanifukuza."

Kesho yake alivaa koti lake la misa, tukaenda wote. Pale ofisini alipewa kiti, akakataa kukaa.

"Mimi ni Paluku. Nyuma yangu mama alizala Kambale, uyu. Kisha alizala mabinti tu. Kwetu hakuna Kasereka. Ile parcelle ni ya mudogo yangu. Mawe ya fondation ya nyumba nilibeba mimi, ku kichwa."

Sikulijua hilo, Baba. Miaka yote nimelala juu ya mawe yake, nawe hukusema. Nilingoja adai chake. Hakudai kitu. Alitia kidole gumba kwenye wino, akakandamiza kwa nguvu, kisha akauliza kama kimoja kinatosha. Majuma machache baadaye karatasi ilisahihishwa, na jina la mama limo.

Lakini siku ile, tulipotoka nje, alisimama karibu na lango akijifuta wino.

"Alikuwa ananitaja?"

"Kila siku, baba mukubwa."

Aligeukia ukuta. Nilimwacha alie.

Nilidanganya. Au pengine sikudanganya, ungekuwepo ningekuuliza. Kila magunia ya viazi ya Musienene yalipofika, ulikuwa ukichukua kiazi kimoja na kukigeuza mkononi muda mrefu, na mama akituambia tusikusemeshe. Nilidhani unatazama kama kimeoza.

Siku hizi baba mukubwa huja Jumapili baada ya misa. Akicheka, mama huinamia sahani yake, kwa sababu kicheko nacho mlizaliwa nacho nyote wawili. Hapo ndipo ninapokukumbuka kupita siku zote. Ningependa uingie, hata kama ungeingia na hasira, uulize nani amemruhusu mtu huyu mezani kwako. Ningekujibu ni mimi, nawe ungenifokea. Baba, nimekosa mpaka kufoka kwako.

Pumzika. Mama anakusalimia.

Mimi binti yako, mwenye jina la mama yako,
Kavira