Shafti Aliyonichagulia Baba Brian

Jumamosi, jioni. Joto la Kisumu leo lilikuwa kali tangu asubuhi, na upepo wa ziwani ulichelewa mpaka alasiri. Nimeoga, nimekunywa chai, nimekaa na daftari.

Nimemshinda Baba Brian.

Naandika tena kwa raha zangu: nimemshinda Baba Brian, mbele ya watu, katika mchezo alionifundisha mwenyewe.

Kwa wasiotujua, tulikuwa mume na mke. Yeye ndiye aliyenipeleka uwanja wa gofu mara ya kwanza, Brian akiwa bado shule ya msingi. Alininunulia fimbo, akanionyesha jinsi ya kuzishika. Baadaye alihamia kwa mwanamke mwingine upande wa pili wa mji, mimi nikabaki na duka langu la dawa hapa Kisian. Kitu kimoja tu hatukugawana. Klabu. Kila mmoja alikataa kuondoka.

Kilichoniuma zaidi si kuondoka kwake. Kilichoniuma ni utani wake.

Mipira yangu ilikuwa inakwenda kushoto. Ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, ambayo wachezaji tunaiita dreva, ilinitesa miaka yote ya ndoa. Napiga vizuri, nasikia mlio mzuri, halafu mpira unapaa juu sana na kukata kona kushoto, unaingia kichakani. Basi tukikaa barazani baada ya mchezo, Baba Brian anaagiza soda na kuanza: "Mpira wa Mama Brian unatafuta njia ya Katito. Unataka kurudi kwao!" Watu wanacheka. Na mimi nacheka, maana kwetu kweli ni Nyakach, njia hiyo hiyo ya Katito, na mke asiyecheka ataonekana ana kinyongo.

Nilikuwa nacho. Nilikificha tu.

Nilijilaumu. Nilibadilisha namna ya kusimama, namna ya kushika, hata namna ya kupumua. Nilifanya mazoezi mpaka viganja vikapasuka. Kapteni wa timu ya wanawake aliniacha nje walipokwenda kucheza Kericho, akaniambia kwa upole kwamba dreva yangu haiaminiki. Nililia ndani ya gari, kisha nikaenda kufungua duka.

Jumatano nilikwenda kwa Mzee Rajab. Huyu ni mzee wa mjini, amestaafu, anauza vifaa vya gofu nyumbani kwake na ana mashine ndogo inayopima mwendo wa fimbo na njia ya mpira. Nusu fainali ya kombe la klabu ilikuwa inakuja, mmoja kwa mmoja, na ratiba ilikuwa imenipanga na Baba Brian. Nilitaka kujaribu shafti, yaani ule mti mrefu unaounganisha kichwa cha fimbo na mahali pa kushika. Zinatofautiana. Nyingine laini, zinapinda kwa urahisi, zinamfaa mtu anayezungusha fimbo taratibu. Nyingine ngumu, zinahitaji mtu mwenye kasi.

Tulikwenda uwanja wa mazoezi. Mzee alikuwa na kispana kidogo cha kufungua shafti na kuiweka nyingine kwenye kichwa kilekile, ili nisije nikadai kwamba fimbo ni tofauti.

Nikaanza na yangu, ile laini. Mpira juu, kona, kushoto. Nikarudia. Kushoto tena.

Akafunga ngumu kuliko zote, nzito kama chuma cha kitanda. Hiyo nayo ilikataa. Nilihisi kama napiga kwa mpini wa jembe, na mpira ukateleza kulia, chini chini.

Kisha akafunga ya katikati, ngumu kiasi. Nilipopiga, sikusikia kitu mkononi. Nilisikia mlio tu, nikainua macho, na mpira ulikuwa unakwenda mbele. Mbele! Nikapiga mwingine, na mwingine. Nilipiga mpaka jasho likaingia machoni, kila mara nikisubiri ile kona ya kushoto, na haikuja.

Mzee Rajab alitazama mashine yake, akanitazama mimi.

"Mama, wewe una kasi ya kijana wa jeshi. Nani alikupa ile laini?"

"Aliyekuwa mume wangu."

"Alikupima?"

"Hapana. Alisema wanawake wote hutumia laini."

Mzee alizima mashine. Alianza kukusanya mipira. Mimi nilibaki nimesimama pale na fimbo mkononi, nikikumbuka kila kicheko cha barazani. Mwili wangu haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa na nguvu kuliko alivyonidhania, na nguvu hiyo hiyo, kwenye shafti laini, ndiyo iliyokuwa inanivuruga.

Usiku ule nililala vizuri sana. Mtu mwenye hasira iliyopata anwani hulala vizuri.

Leo basi. Wanawake huanzia alama za mbele, karibu zaidi na shimo. Nikamwambia nitaanzia alama za wanaume, pamoja naye. Hakuna aliyenilazimisha. Sikutaka abaki na kisingizio hata kimoja cha kwenda nacho nyumbani.

"Mama Brian, usijiumize bure," akasema, akiwatazama waliokuja kushuhudia.

Alipiga yeye kwanza, mpira mzuri. Nikapiga wangu, ukapita juu ya wake na kuendelea mbele.

"Upepo huo," akasema.

Upepo haukuwepo.

Shimo la pili, nikampita tena. Kufika la nne alikuwa ameanza kupiga kwa hasira, anazungusha fimbo kama anaua nyoka, na mipira yake ikaanza kupotea. Nilimwona akichakura kwenye majani marefu, shati limelowa mgongoni, na nikasikia utamu mdomoni. Sisemi uongo hapa. Ulikuwa utamu.

"Umebadilisha shafti?" akaniuliza hatimaye.

"Ndiyo."

"Nani alikushauri?"

"Nilipimwa."

Mchezo uliisha mashimo kadhaa yakiwa bado mbele yetu, maana nilikuwa nimemtangulia kwa mashimo mengi kuliko yaliyobaki. Barazani watu walinipongeza, na yeye akaomba kuijaribu dreva yangu, pale pale kwenye nyasi za mbele ya baraza, wote wakitazama. Nikampa. Alipiga kwa nguvu zake zote, na mpira ukakata kulia mpaka kwenye matete.

Nilikuwa na sentensi yangu tayari tangu Jumatano. Nikaisema kwa sauti ya kufika meza ya mwisho: "Pole, Baba Brian. Hiyo ni ngumu kwako. Wewe sasa unahitaji laini."

Baraza zima lilicheka. Nilingoja akasirike.

Hakukasirika. Alinirudishia fimbo, akasogea karibu ili wengine wasisikie. "Bega langu limeharibika tangu mwaka jana. Usimwambie Brian." Kisha akaniita kwa jina, jambo ambalo hajalifanya tangu aondoke. "Atieno, ile shafti nilidhani inakufaa. Sikujua."

Akaenda kwenye gari lake.

Nilipaswa kumhurumia. Sikumhurumia. Nimekasirika upya, na hasira hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Afadhali angekuwa alinifanyia makusudi! Mtu wa makusudi angalau amekutazama vizuri, anajua nguvu zako ziko wapi. Huyu aliishi na mimi nyumba moja, akanifundisha, akanicheka, na hakuwahi kuniona nikizungusha fimbo.

Fainali ni Jumamosi ijayo. Nimemtumia ujumbe sasa hivi: aje, akae mbele, atazame.

Amejibu neno moja. "Nitakuja."

Nimelisoma mara nyingi. Najiuliza, akishaniona vizuri, kuanzia mpira wa kwanza mpaka wa mwisho, nitatosheka? Au nimeupenda utamu huu kiasi kwamba nitamtafutia kosa jingine?