Mvinyo wa Harusi ya Marisa

Whitfield,
Jumapili jioni

Dada yangu Marisa,

Salamu nyingi kutoka bondeni. Natumaini wewe na Declan hamjambo, na joto la huko Perth halijawakaanga. Sisi huku hatujambo kiasi. Paa linavuja palepale, mbwa kazeeka, na Baba ni yuleyule, mbishi hadi basi.

Jana alfajiri alinigongea dirisha, kavaa koti la kanisani. Akasema niwashe gari, tunauzunguka mlima. Nikamwambia nina mizabibu ya kufunga. Akajibu kwamba mizabibu haina miguu, nitaikuta. Kumbe keshapakia chupa za mvinyo wa mwaka huu, ule aliokutengea wewe kwa harusi yenu, ambao hata mimi alinikataza kuonja.

Si unakumbuka moto wa msituni wa kiangazi kilichopita? Moshi ulitulalia juma zima. Majirani wote waliziangusha zabibu zao wakawaachia ndege, maana zabibu ikishakunywa moshi, mvinyo wake huwa majivu matupu. Baba peke yake alipita shambani akinusa, akatangaza kwamba zetu ni safi. Nani abishane na pua ile? Bonde zima humletea glasi anuse kabla ya kufunga pipa. Basi tukavuna.

Tulianzia kwa Kev Hanrahan, mtengeneza mvinyo mwenzake wa ng'ambo ya mlima. Kev akazungusha glasi, akanusa, akaonja, akatema ndooni. Kisha akaanza kuzungumzia mvua. Nikaiba funda moja Baba alipogeuka. Marisa, ni kama kulamba jiko! Nikamtazama Kev, Kev akatazama viatu vyake.

Pale mjini Bright tulinunua mikate ya nyama, tukala nje. Ndege wale weusi kwa weupe wanaolinda makinda wakamshambulia Baba kofia. Akawa anawatukania mama zao, mbona mnapitia kisogoni, waoga nyie, njooni usoni! Watu wakacheka. Mimi mkate wangu nikaurudisha mfukoni.

Jioni tukafika kwa Bruna, mtani wa Baba wa siku nyingi. Unamjua mdomo wake. Alimpokea kwa kumuuliza kama bado hajafa, na Baba akamjibu kwamba anamngoja yeye atangulie, apate kula vya matanga yake. Bruna akaonja. Nikangoja matusi, na wallahi niliyataka, angalau mtu mmoja aseme! Badala yake alifuta midomo, akamshika Baba mkono, akasema mvinyo mzuri, Silvio. Bruna huyo huyo, ambaye hajawahi kusifu hata mkate wake mwenyewe. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari.

Wakati wa kurudi, juu kabisa mlimani, Baba aliniomba nisimame. Hakushuka. Akaniambia kwamba tangu yale mafua yaliyomlaza kabla ya moto, hasikii harufu yoyote. Si kahawa, si dizeli, si hata mbwa akilowa, na mdomoni kila kitu ni kama maji. Aliona haya kusema. Siku ile shambani alinusa zabibu, hakusikia moshi, akajipa moyo kwamba haupo. Jana hakwenda kuwaonjesha watu mvinyo, alikwenda kutazama nyuso zao. Ila macho nayo ndiyo hayo, ukungu mtupu. Ndipo akaniuliza: "Delia mwanangu, Bruna kanishika mkono. Tangu tujuane hajanishika mkono. Ni kwa uzuri au kwa ubaya?"

Ukweli ulikuwa mdomoni, dada. Nikamwangalia na lile koti lake. Nikasema ni kwa uzuri, Baba.

Alilia kwa furaha, mzee wa watu, kisha akaimba mpaka nyumbani. Ninavyoandika hivi yuko ghalani anabandika jina lako kwenye chupa, moja baada ya nyingine. Nikimwambia, nimemmaliza. Nikinyamaza, ukumbi mzima utakunywa majivu. Nimefikiri hadi kichwa kinauma, na sioni njia. Sina la kufanya, Marisa, ila kukuandikia wewe.

Unajua desturi yetu. Siku ya harusi atakumiminia wewe kwanza, kabla ya mgeni yeyote, na atakusogelea karibu sana ili aone. Hataitazama glasi. Atautazama uso wako.

Nakubusu mashavu yote mawili. Msalimu sana Declan, na tafadhali, mfundishe naye kumeza.

Mdogo wako akupendaye,
Delia