Palipoandikwa "Hana"

Nyumba ya kona,
Nyuma ya zahanati.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Wifi,

Salamu zikufikie popote ulipojibanza. Unakula? Unalala? Sisi tunapumua. Kaka yako amerudi kazini. Kichuna ameota meno, ananing'ata kila akinyonya. Mama magoti yamegoma, ila mdomo una kasi yake ile ile.

Uliondoka kesho yake baada ya kumzika mwanangu Fundi, hata kuaga hukuaga. Nilidhani umeshindwa kututazama tukilia. Juzi nesi wa sindano akaja, akakaa jikoni kwangu, akanieleza yote.

Kumbe serikali iliahidi malipo ya motisha kwa zahanati zitakazohamishia habari za wagonjwa kwenye kompyuta, na daktari wenu alikuwa anafukuzana na tarehe ya mwisho. Kumbe kompyuta ilikataa kuhifadhi faili lolote kama pale panapouliza mzio wa dawa pameachwa wazi. Kusoma kadi moja moja kulikuwa kunawachelewesha. Akawaambia ninyi makarani, "Wekeni 'Hana' kwa wote, tutarekebisha tukishalipwa." Nawe ukaweka.

Wifi, kadi ya Fundi ilikuwa na wino mwekundu: asipewe penisilini. Ni wewe uliyembeba siku ile alipovimba uso akiwa mchanga, ukakimbia naye peku. Najua kadi yake hukuifungua. Ungeifungua, mkono wako ungekataa.

Siku aliyoumwa koo, mimi nilikuwa kitandani na homa, Mama ndiye aliyempeleka. Alimwambia daktari, "Huyu kuna sindano haipatani naye, jina lake silijui." Akajibiwa, "Bibi, ingekuwapo, kompyuta ingeonyesha." Mama huyarudia maneno hayo peke yake akiosha vyombo, akidhani simsikii.

Sasa zahanati imepakwa rangi, ina televisheni inayoita majina ya wagonjwa. Kamati ya uchunguzi inakuja mwisho wa mwezi, na daktari anasema ni uzembe wa karani aliyetoroka. Wenzako wamefyata mkia. Na lile neno bado limo kwenye mafaili ya watoto wa watu. Hata la Kichuna linasema "Hana", wakati hakuna aliyewahi kuniuliza lolote.

Sitakudanganya kwamba nimesamehe. Kuna siku naweza, na kuna siku nikiziona kandambili zako mlangoni natamani kuzitupa. Sijazitupa. Lakini kujificha kwako kunamfaa daktari tu. Njoo useme ulichoamriwa, na ulichofanya ukiseme pia. Nitakaa nawe benchi moja.

Jana ujumbe wa zahanati uliingia kwenye simu yangu, eti nimpeleke Fundi akapimwe. Kompyuta haijaambiwa. Nesi alitaka kulifunga faili lake, nikamwomba asubiri. Ukishasema mbele ya kamati, nataka ulifungue wewe, mimi nikiwa ubavuni pako. Ulitoe hilo "Hana", uandike kilichokuwa kwenye kadi. Ndipo lifungwe.

Mama anakusalimu, anauliza kama umekonda. Kaka yako amekikaza kitanda chako kile kilichokuwa kinalia. Kichuna anakupungia mkono, maana anampungia kila mtu.

Mungu akutangulie njiani.

Wako ambaye bado anakupenda,
Mama Fundi.